Bomba la Mtaa Chini ya Vyumba vya Uani

Dalali wa nyumba Dar es Salaam ana mpangilio wake wa kumtembeza mteja. Huanzia getini, akasifu barabara na ukaribu wa kituo cha daladala. Huingia sebuleni, akafungua bomba la jikoni ili maji yaonekane yakitoka. Kisha humalizia uani, na huko ndiko anakofungia biashara. Kuna vyumba vitatu au vinne vilivyoegemea ukuta wa nyuma, kila kimoja kina mpangaji, na dalali humwambia mteja kwamba kodi ya vyumba hivyo peke yake itasomesha watoto. Mteja hupiga hesabu kimoyomoyo. Bei iliyomshtua pale getini huanza kuonekana ya haki.

Asichoambiwa ni kwamba chini ya sakafu ya chumba cha pili kuna chemba iliyofukiwa, na kwamba vyumba vyote vile vimekaa juu ya bomba la majitaka linalopokea uchafu wa nyumba za upande wa juu na kuupeleka chini, kupitia viwanja vya majirani, mpaka kwenye bomba kuu. Miaka kumi inaweza kupita kimya. Halafu asubuhi moja choo cha jirani kinarudisha maji, mafundi wanakuja na fimbo zao za kuzibulia, wanafuata mkondo chemba hadi chemba, na msako wao unagota kwenye ukuta wa chumba cha mpangaji.

Msimamo wangu ni huu. Bomba lile ni la mtaa mzima. Anayeuza vyumba vilivyojengwa juu yake anauza kitu ambacho si chake chote, na utaratibu wetu wa kuuziana nyumba unamruhusu afanye hivyo bila kufumbua mdomo. Wajibu wa kusema ungepaswa kuwa wa muuzaji na wa mamlaka ya maji, wote wawili, kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa. Leo mzigo wote ameachiwa mnunuzi, mtu mwenye nafasi ndogo zaidi katika mauziano hayo ya kujua kilicho chini.

Kabla ya kumlaumu yeyote inafaa kukumbuka bomba lilifikaje uani. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati na vyumba pande mbili, iliweka jiko, bafu na choo nyuma, mbali na macho ya wageni. Katika miji mingi ya pwani na bara iliyopangwa enzi za ukoloni paliachwa uchochoro nyuma ya nyumba, wafanyakazi wa manispaa wapate kupita kuchukua ndoo za choo. Mabomba ya majitaka yalipokuja, wahandisi waliyalaza kulekule vyoo viliko, maana kila mita inayookolewa ni mita isiyochimbwa wala kulipiwa. Ndivyo yalivyopita nyuma ya nyumba katika sehemu za Dar es Salaam zenye mtandao wa zamani, ambazo majitaka yake huishia baharini kwa yale ya katikati ya mji, na kwenye mabwawa ya Vingunguti, Mabibo, Kurasini, Mikocheni na Lugalo kwa mengine. Hapakuwa na kosa hapo. Uani palikuwa wazi, na fundi aliweza kufunua mfuniko akafanya kazi yake bila kumsumbua mtu.

Kilichobadilika ni maisha. Choo kimehamia ndani. Jiko limehamia ndani. Ua uliokuwa mahali pa kuanikia nguo na kupikia pilau ya sherehe umegeuka kuwa ardhi tupu katikati ya jiji ambalo chumba kimoja hakikosi mpangaji hata wiki. Mzee anastaafu, kiinua mgongo kinakuja kidogo na kwa kuchelewa, anaona pale nyuma panatosha vyumba vitatu. Mjane anaachiwa nyumba na watoto wanne, anajenga viwili. Siwezi kumsema vibaya mtu aliyejijengea uzeeni pensheni ya matofali, kwa kuwa pensheni nyingine hana. Nairobi wanaijua habari hii vilevile. Buruburu na Umoja ni mitaa ya miaka ya 1970 iliyopimwa ikiwa na nafasi za kupumua, na leo nafasi hizo zimejaa vyumba vya nyongeza, mara nyingi vikiwa vimekalia laini zilezile zinazovihudumia.

Mzee anapojenga huwa anajua bomba liko wapi. Ameliona likichimbwa, au amewahi kushika tochi fundi akizibua. Mara nyingi huacha hata kijidirisha sakafuni, kigae kimoja kisichotiwa saruji, kwa ajili ya siku ya dharura. Ujuzi huo hufa naye. Nyumba inakuwa ya mirathi, warithi wako Mwanza, Arusha na Muscat, wanakubaliana kuuza, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwonyesha mnunuzi kigae kile. Mnunuzi naye anataka vyumba vipendeze, anaweka vigae vipya juu ya vya zamani. Hapo bomba limepotea kwa kila mtu, isipokuwa kwa uchafu unaopita ndani yake.

Tushuke chini kidogo tuone linavyofanya kazi, kwa sababu wengi hudhani bomba likishafukiwa ni kama jiwe, halina haja ya chochote. Bomba la majitaka halisukumwi na pampu katika sehemu kubwa ya safari yake. Linategemea mteremko tu. Lile la milimita 100 litokalo nyumbani kwa kawaida huwekwa lishuke takriban mita moja kwa kila mita 40, na yale makubwa zaidi hutosheka na mteremko mdogo kuliko huo. Mteremko ukipungua, maji hupita na kuacha vilivyo vizito nyuma. Ndiyo maana kila linapokata kona, linapobadili mteremko au linapopokea tawi huwekwa chemba. Chemba ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Ukifukia moja, umewazuia mafundi kufika kwa urahisi kwenye kipande chote kilicho kati ya chemba iliyotangulia na inayofuata.

Sasa weka juu yake jamvi la zege, kuta za tofali za inchi sita, paa, kitanda, friji na familia. Mtaro uliochimbwa kulaza bomba ulijazwa udongo uliovurugwa, na udongo huo haushikani kama ule ambao haujaguswa. Msingi ulioukalia hutitia upande mmoja kuliko mwingine. Dalili yake ni ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, na fundi mzoefu akiuona huuliza chini kuna nini kabla ya kuuliza saruji ilikuwa mifuko mingapi. Bomba la udongo wa kuchoma au la zege halipindi. Likilemewa linapasuka, au maungio yanaachana. Majitaka yanavuja na kulainisha udongo, udongo unazidi kutitia, uzito unazidi kulemea. Mchanga wa Dar es Salaam haujui kusubiri. Ukishaanza kusombwa, shimo linaundwa chini ya zege na sakafu inabaki imening'inia.

Halafu kuna hewa. Majitaka yanayotuama katika joto letu hutoa hidrojeni salfaidi, gesi ile yenye harufu ya yai viza. Ndani ya bomba la zege, bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfuriki inayolila zege kuanzia darini mwa bomba, mahali hasa panapobeba uzito wa juu. Ndani ya chumba hatari yake ni nyingine. Ikiwa kidogo inanuka, na mpangaji hulalamika. Ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa, na hapo ndipo inapokuwa ya kutisha, maana mtu hudhani imekwisha. Mafundi wamepoteza maisha ndani ya chemba kwa gesi hii katika nchi nyingi. Kuifukia chemba chini ya chumba cha kulala, halafu kuacha nyufa sakafuni, ni kumkaribisha mgeni huyo kitandani.

Bomba la maji safi lina tabia tofauti lakini halina heri zaidi. Hilo lina presha. Likipasuka chini ya msingi, maji hutoka kwa nguvu na kuchimba usiku kucha kabla hayajaonekana juu. Na kwa kuwa maji yetu huja kwa mgawo, hatari huwa kubwa zaidi pale yanapokatika. Presha ikishuka, ufa uliokuwa unatoa maji huanza kuvuta yaliyo nje yake. Mahali ambapo bomba la maji safi na la majitaka yamelala karibu karibu chini ya banda moja, hakuna wa kuona wala wa kuchimba. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Magonjwa ya namna hiyo hayahitaji mlango mkubwa zaidi ya huo.

Kuna mabomba makubwa pia. Kutoka Kigamboni linaanza bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika 1968, linalokwenda kilomita 1,710 mpaka Ndola, Zambia. Njia yake na ya mabomba ya gesi ya kusini ina alama, na wengi wetu tunaijua. Lakini Septemba 12, 2011, katika makazi ya Sinai, eneo la viwanda la Nairobi, tuliona mwisho wa kuishi juu ya mabomba. Petroli ilivuja ikaingia kwenye mfereji uliopita katikati ya nyumba zilizokuwa zimesogea mpaka kwenye njia ya mabomba ya mafuta. Watu walikwenda kuiteka kwa ndoo. Moto ulipolipuka ulifuata mfereji huo mpaka milangoni. Walikufa zaidi ya watu 100. Waliojenga pale walikuwa maskini waliokosa pengine, na siwalinganishi na muuzaji wa nyumba yenye hati. Ninachosema ni kwamba mfereji haukubagua kati ya aliyekuwa na taarifa na asiyekuwa nayo.

Nirudi kwa mnunuzi wetu. Ni mtu mwangalifu. Amesikia habari za matapeli, kwa hiyo anafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi unamwambia mmiliki ni nani, muda uliobaki kwenye hati ni upi, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Ramani iliyoambatishwa inamwonyesha mipaka na bikoni. Anatoka ofisini ameridhika, na ana haki ya kuridhika, maana amefanya kila alichoambiwa afanye. Karatasi ile haikuwahi kutengenezwa ili imwonyeshe bomba.

Akigundua baadaye, anakwenda kwa wakili. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata kwa karibu sheria ya India ya 1872, na humo jambo hili limegawanywa mara mbili. Kuficha ukweli kwa vitendo ni udanganyifu. Kunyamaza tu, hata juu ya jambo ambalo lingemfanya mwenzako asite, si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu anayejua aseme. Na hata kimya kikihesabiwa udanganyifu, mkataba hauvunjiki ikiwa mlalamikaji alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa maoni yangu, anayefunika chemba kwa zege mwezi mmoja kabla ya kutangaza nyumba ameficha kwa vitendo, na ningependa kuona hoja hiyo ikisimamishwa mahakamani kwa sauti. Lakini mrithi asiyejua chochote amenyamaza tu. Na aliyejua akanyamaza atauliza: mbona hukuuliza?

Kenya wameliandika waziwazi zaidi, na maandishi yenyewe yanatisha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inataja haki zinazomfunga mwenye ardhi hata kama hazikuandikwa katika daftari la usajili, na miongoni mwake ni nyaya za umeme, nguzo na mabomba yaliyowekwa kwa mamlaka ya sheria. Maana yake mnunuzi anaweza kusoma daftari lote, asione neno bomba, na bado bomba likawa na haki kumzidi. Nakubaliana na shabaha ya kifungu hicho. Huduma ya watu wengi haiwezi kuning'inia juu ya ridhaa ya kila mwenye kiwanja. Lakini ukishampa mtu wajibu usioandikwa popote, umewajibika kumwonyesha.

Huku kwetu mamlaka ya maji ina haki ya kuingia kwenye kiwanja kutengeneza miundombinu yake, na inapaswa kuwa nayo. Ikifika siku ya kuingia, anayesimama mlangoni ni mmiliki wa leo. Aliyejenga amekufa, aliyeuza amehama, dalali amebadilisha namba ya simu.

Na nyuma ya mmiliki yuko mtu ambaye mijadala yetu ya nyumba humsahau kila mara: mpangaji wa uani. Amelipa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kwa mkupuo. Hakuuliza habari za bomba kwa sababu hakuna mpangaji anayeuliza wala anayeambiwa. Ndiye anayelala juu ya chemba. Ndiye anayevuta ile hewa. Majitaka yakipanda juu, godoro lake ndilo la kwanza kulowa, na amri ya kubomoa ikitoka, ana siku chache za kutafuta chumba kingine huku fedha yake ikiwa mfukoni mwa mtu aliyeuza na kuondoka. Nimesikia watu wakisema vyumba vya uani ni mabanda tu, havina thamani ya kufanyiwa shauri kubwa. Ndani ya mabanda hayo wanaishi wauguzi, walinzi, wanafunzi wa chuo, mama wenye watoto wachanga. Kama tunataka kujua jiji hili linalala wapi, linalala uani.

Inafaa nijibu hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina nguvu. Wengine husema mabomba yasipite kabisa kwenye viwanja vya watu, yapite barabarani, basi ugomvi uishe. Sikubali. Brazili, katika mji wa Natal mwanzoni mwa miaka ya 1980, mhandisi José Carlos Melo na wenzake walipitisha kwa makusudi mabomba madogo ya majitaka nyuma ya nyumba za watu wa kipato cha chini, kwa sababu ndiyo njia fupi, isiyo na kina kirefu na ya bei nafuu. Brasília ikaichukua kwa mitaa mingi, na wakazi wakachagua: anayetaka bomba lipite uani analipa kidogo na kusaidia kulitunza, anayetaka lipite mbele analipa zaidi. Vingunguti nayo imeona mabomba madogo ya namna hii yakipenya kati ya nyumba mahali ambapo gari la kunyonya majitaka lisingefika kamwe. Tukiyafukuza mabomba uani tutakuwa tumewanyima maskini njia pekee ya kupata choo safi. Kinachoufanya mfumo wa Brazili ufanye kazi ni kwamba kila nyumba inajua bomba limepita wapi na nani anawajibika kwa kipande kipi. Ujuzi huo ndio uliokosekana kwetu.

Uingereza, ambako nyumba nyingi zina mabomba nyuma kuliko sisi tunavyofikiria, mambo yamepangwa kwa karatasi. Anayetaka kujenga ndani ya mita 3 za bomba la majitaka la umma anahitaji makubaliano na kampuni ya maji. Mwanasheria wa mnunuzi huagiza kwa kampuni hiyo taarifa ya mabomba ya nyumba inayonunuliwa, yenye ramani, kama jambo la kawaida. Oktoba 1, 2011, mabomba mengi yaliyochangiwa na majirani huko England na Wales, ambayo kabla ya hapo yalikuwa juu ya wenye nyumba, yalihamishiwa kwenye kampuni za maji. Tangu siku ile kibanda cha bustani cha mtu kinaweza kuwa kimekaa juu ya mali ya kampuni. Bado hugombana, lakini hugombana wakiwa na ramani mezani, kabla ya kulipana.

Kwa anayenunua mwaka huu, kabla sheria haijabadilika, kuna mengi anayoweza kufanya mwenyewe na hayana gharama kubwa. La kwanza, asianze na nyumba anayoonyeshwa. Aanze kwa majirani. Abishe hodi kwa wa kulia na wa kushoto, aombe kuona chemba zao. Kati ya chemba moja na inayofuata bomba hulazwa kwa mstari ulionyooka. Akisimama kwenye moja na kuielekea nyingine, macho yake yatapita katikati ya nyumba anayotaka kuinunua, na atajua pale kati pana nini. Kama jirani wa juu ana chemba, wa chini ana chemba, na nyumba hii haina, basi ama bomba limepinda ama iko chemba ambayo haionekani. Amwage ndoo ya maji yenye rangi kwa jirani wa juu, mtu mwingine asimame kwa jirani wa chini. Rangi ikitokea, hakuna dalali atakayebishana nayo.

Amtafute mtu mzima wa mtaa. Kila mtaa una bibi anayekumbuka mtaro ulichimbwa mwaka gani na nani alikatazwa kujenga akajenga. Shikamoo moja na nusu saa ya kukaa kibarazani zina thamani kubwa kuliko upekuzi wa wiki nzima. Amtafute na kijana anayezibua vyoo vya mtaa ule, maana hakuna anayeujua mtandao wa chini kama yeye. Arudi masika, kati ya Machi na Mei, kama ana subira. Maji ya mvua yakishaingia kwenye mabomba ya majitaka, palipoziba hapajifichi tena. Agonge sakafu ya vyumba vya uani na kusikiliza kama inalia tupu, aangalie chini ya kuta kama rangi inabanduka kwa unyevu, aangalie nyufa za mshazari. Mwenye uwezo aajiri fundi mwenye kamera ya kupitisha ndani ya bomba. Kisha aende ofisi ya mamlaka ya maji na barua, aombe kwa maandishi kuonyeshwa mabomba yanayopita kwenye kiwanja hicho. Hata wakimjibu kwamba ramani haipo, jibu hilo liwe kwa maandishi.

Akithibitisha kwamba bomba lipo, asikimbie mara moja. Nyumba inaweza kuwa nzuri. Kinachotakiwa ni bei ibebe ukweli. Vyumba vilivyokaa juu ya bomba la umma visihesabiwe kabisa katika bei, na gharama ya kuvibomoa na kuondoa kifusi ipunguzwe juu yake. Kama muuzaji anasisitiza kulipwa kodi ya vyumba hivyo kama thamani ya nyumba, huyo anauza hewa. Kuhamisha bomba lipite pembeni kunawezekana pale mteremko unaporuhusu na mamlaka ikakubali, na wa kulipia ni muuzaji kabla ya kusaini. Kujenga upya kwa nguzo na bimu za zege zinazoruka bomba ili uzito usiliguse kunawezekana pia, kwa usanifu wa mhandisi na kibali, huku chemba zikibaki wazi. Asichokubali ni ahadi ya mdomo kwamba tangu tujenge hapa hatujawahi kupata shida.

Lakini haya yote ni kumtwika mnunuzi kazi ya upelelezi, na nimeshasema si yake. Taarifa ya mamlaka ya maji kuhusu mabomba ya kiwanja ingepaswa kuwa sharti la uhamisho wa miliki, sawa na uthibitisho wa kodi. Fomu ya mauziano iwe na swali moja lisilokwepeka: je, kuna bomba, chemba au mtaro unaohudumia nyumba nyingine ndani ya kiwanja hiki, na juu yake kumejengwa nini? Anayejibu uongo amedanganya, na hoja ya kunyamaza inakufa. Halmashauri zinapotoa kibali cha ujenzi wa nyongeza ziulize mamlaka ya maji kwanza. Viongozi wa mtaa, ambao mikataba mingi ya mauziano hupitia mikononi mwao na ambao baadhi yao hulalamikiwa kwa kudai asilimia 10 ya bei, waandike katika mkataba walichokiona uani kwa macho yao.

Najua jibu litakuwa kwamba ramani za mabomba ya zamani zimepotea au haziaminiki. Ni kweli. Kila mkandarasi anapochimba mtaro wa kebo na kukata bomba la maji la mtaa mzima, tunashuhudia ramani isiyokuwepo. Basi tuanzie kwenye mabomba yanayolazwa sasa. Yanapimwa kwa vifaa vinavyosoma setilaiti, na mchoro wa kila mita uko kwenye kompyuta ya mkandarasi. Mbezi Beach, mahali ambapo mtandao mpya wa majitaka umekuwa ukijengwa miaka hii ya karibuni, hakuna sababu hata moja ya mstari huo kutoingizwa kwenye kumbukumbu za ardhi za kila kiwanja unachokipita, kabla nyumba ya kwanza ya mtaa huo haijabadilisha mmiliki na kabla mtu hajashusha lori la kwanza la tofali uani.